Ukurasa wa Ukuta Unaovuja

Kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu, na uzipokee kwa mikono miwili maana zimetoka kwa watu wengi. Mimi ni mzima. Mama ni mzima isipokuwa yale magoti yake, na shangazi ni mzima, mdomo wake ndio mzima zaidi. Baba yupo, nitamfikia. Wasiwasi wetu uko kwako. Unakula, au bado ni yale mambo yako ya chai na mkate kutwa nzima? Mama amesema niulize hilo kabla ya jambo lingine lolote, nami nimeuliza, kwa hiyo asije akasema nilisahau.

Najua utashangaa kupata barua ya karatasi enzi hizi. Sasa ningefanyaje? Namba yako ya zamani haipatikani, na mpya hukutuachia. Anwani ya karakana unakofanya kazi nimepewa na dereva wa lori anayetuletea mabomba, ambaye anasema alikuona huko, umekonda. Hilo la kukonda sikumwambia mama. Nakuomba tu uisome barua hii mpaka mwisho, hata kama utakasirika katikati. Jambo lenyewe liko huko chini.

Habari ya kwanza ni kwamba baba amenipa kazi. Ndiyo, mimi huyu huyu, Kiherehere wako. Kampuni imekuwa kubwa tangu uondoke, mafundi wanazidi kuongezeka na magari yanazunguka mitaa yote ya mji, lakini wateja wapya walikuwa wanakwenda kwa wengine. Tovuti ya zamani unaikumbuka? Ukiifungua unakutana na baba kavaa suti, jina la kampuni limeandikwa kwa herufi kubwa kama tangazo la msiba, basi, hakuna kingine. Nilimwambia hakuna atakayetupata hivyo. Baba akasema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Nikamjibu kwa adabu kwamba mtu ambaye choo kinamfurikia hana nafasi ya kukumbuka kizuri kinaitwaje. Anashika simu, anaandika shida yake, na anampigia wa kwanza kutokea.

Basi nikaketi na shangazi pale kwenye meza anakopokea simu za wateja, nikawa nasikiliza watu wanavyosema. Hakuna hata mmoja aliyeomba marekebisho ya mifumo ya majitaka, kama tovuti yetu ilivyokuwa inajigamba. Walisema choo kinarudisha maji, koki haifungi, tangi halijai. Kila shida nikaitengenezea ukurasa wake, kwa maneno hayo hayo ya watu. Baba aliposoma alinuna kweli kweli. Alisema ametumia maisha yake yote kuijengea kampuni heshima, na sasa mwanawe anataka neno choo liwe la kwanza kuonekana. Shangazi akamwambia kwamba hiyo heshima yenyewe imejengwa na vyoo vya watu. Mama alicheka mpaka akasahau magoti.

Kisha nikaharibu, kaka, nisikufiche. Nilitaka kila mtaa uwe na ukurasa wake, ili mtu wa mtaa huo akitafuta fundi atuone sisi kwanza. Nikawa na haraka. Niliandika ukurasa mmoja mzuri, nikaunakili kwa mitaa yote, nikibadilisha jina la mtaa tu. Nikatamba nyumba nzima kwamba kazi imekwisha. Wiki zikapita, hakuna ukurasa hata mmoja uliopanda juu watu wanapotafuta fundi. Kumbe mtandao nao una akili zake: ukiona kurasa zinafanana, unaziona ni porojo, unazitupa chini kabisa. Haraka haraka haina baraka, niliambiwa tangu utotoni, na bado.

Ikabidi nianze upya. Niliwafuata mafundi mmoja mmoja, nikawauliza kila mtaa unasumbuliwa na nini hasa. Wakanieleza kwamba kule mlimani maji hayapandi mchana, kwamba mabomba ya majengo ya zamani karibu na soko yameliwa na kutu, na kwamba katika nyumba mpya za pembezoni wajenzi walipitisha mabomba chini ya vigae bila kumwambia mtu. Yote nikayaandika. Lakini nilipouliza habari za maji yanayovuja ndani ya ukuta, kila fundi alitazama pembeni akasema hiyo angeulizwa Sikio. Wanakuita hivyo bado. Mmoja aliigiza unavyofunga macho na kubandika sikio ukutani, wenzake wakacheka, halafu kila mmoja akarudi kwenye mabomba yake.

Ukurasa wa ukuta unaovuja ukabaki mtupu. Nikaenda kwa baba.

Niliogopa, kwa sababu mambo ya nyumbani kwa yule mwalimu mstaafu hayazungumzwi kwetu. Mimi sikuwepo siku ile, nilisimuliwa na mama: kwamba ulisikiliza ukuta ukasema maji yako nyuma ya bafu, baba akaamuru pavunjwe jikoni, pakawa pakavu. Kwamba ulipomkumbusha, baba alikwambia mbele ya mwalimu na mafundi wote kuwa sikio halipiti kichwa, na anayejua kumzidi akafungue kampuni yake. Nawe ukaiweka spana juu ya meza ya mwalimu, ukaondoka hata kuoga hukuoga. Mama anasema hilo ndilo linalomuuma, uliondoka na vumbi la watu.

Nilimwambia baba nahitaji mtu wa kunieleza kazi ile ya ukutani. Akavuta kiti cha kompyuta. Kisha akasema ataandika mwenyewe. Asubuhi nzima alikaa mbele ya kompyuta akichapa kwa kidole kimoja, na shangazi alipomletea chai aliiacha ikapoa. Mwisho akaniita, akanionya nisibadilishe hata neno. Nakunakilia hapa alivyoandika:

"Maji yanayovuja ndani ya ukuta hayaonekani, yanasikika. Usikimbilie nyundo. Funga koki zote, subiri nyumba itulie, weka sikio ukutani. Kampuni hii ilikuwa na fundi aliyeijua kazi hii kuliko sisi sote. Siku moja alituonyesha mahali pa kuvunja, na mimi mwenye kampuni nikavunja pengine. Nilipokuta pakavu nilimfokea yeye mbele za watu. Alipokwisha kuondoka nikavunja pale aliposema. Maji yalikuwa pale pale. Sikumwambia. Nilimkosea, na fundi huyo ni mwanangu."

Soma tena, kaka. Mimi nilisoma mara tatu.

Alivunja pale uliposema. Sisi wote nyumbani hatukujua, hata mama. Mafundi walijua, wakafunga midomo kwa kumheshimu.

Nilimuuliza kama ana hakika, kwa kuwa hii ni tovuti ya biashara, wateja watasoma, washindani watasoma. Akanijibu bila hasira:

"Nilimfokea hadharani. Sasa nimuombe radhi chumbani?"

Nikauweka kama ulivyo. Tangu hapo, baba yetu, yule aliyesema mambo ya mtandao ni ya watu wasio na kazi, amekuwa wa kwanza kufika ofisini. Anavaa miwani, anachapa maneno ya kutafuta fundi wa ukuta unaovuja, kisha ananiuliza ukurasa umepanda au umeshuka. Ukishuka, siku hiyo hali chakula vizuri. Mimi nikafurahi, nikadhani mzee ameamini kazi yangu. Nikauongezea picha, nikawaomba wateja waandike maoni yao, nikaunganisha kurasa zote za mitaa na huo. Ukapanda, ukapanda, mpaka ukawa wa kwanza kabisa mjini kwetu. Wateja wanaupenda ajabu. Shangazi anasema wengine wanapitia kurasa nyingine ili wampigie yeye, bomba halina tatizo lolote, wanataka kujua tu kama yule kijana amerudi.

Siku ulipokuwa wa kwanza nilimkimbilia baba kumpa habari. Akaniuliza swali moja tu, kama mtu aliye mji mwingine, mbali, akitafuta ataupata. Nami, bila kufikiri, nikamjibu kwa majivuno kabisa. Nikamweleza kwamba hapo ndipo ulipo ufundi wangu, tovuti hii nimeijenga kwa ajili ya watu wa karibu. Anayetafuta akiwa mji huu anatuona sisi, na aliye mbali anaonyeshwa mafundi wa huko huko kwake.

Baba akavua miwani.

"Kwa hiyo yeye hauoni," akasema.

Hapo ndipo nilipoelewa, kaka. Alikuwa akiamka mapema siku zote hizo kwa ajili ya msomaji mmoja, na huyo mmoja ndiye niliyemfungia nje kwa ustadi wangu wote. Nililia chooni, na usinicheke.

Kwa hiyo nimeandika. Baba hajui, angejua angetaka kuikagua barua hii neno kwa neno mpaka mwakani. Tena kuna jambo hili. Kurasa zote za tovuti, ukibonyeza kitufe cha kupiga simu, simu inalia mezani kwa shangazi. Ukurasa huu peke yake baba alitaka iwekwe namba yake mwenyewe, ile ile ya zamani unayoijua kwa kichwa. Ikilia anapokea kabla haijamaliza mlio wa kwanza. Halafu namsikia sauti ikimshuka, anamwambia mteja sawa mama, fundi anakuja.

Huko uliko mtandao hautakuletea ukurasa huu, utafute usitafute. Nimekuletea mimi. Sikusihi urudi kazini, huenda huko una maisha yako na sitaki kukuingilia, ingawa kuingilia ndiyo kazi yangu. Nakuomba umpigie tu. Kama maneno ni magumu, mwambie choo chako kimeziba. Ataijua sauti.

Mama anakusalimu na kukuombea. Shangazi anasema unaidai meza ya mwalimu spana yako, lakini hiyo spana anayo baba, iko kwenye droo ya ofisi, imepakwa mafuta. Salimia wote wanaokutendea wema huko.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Kiherehere