Salamu ya Meza Ndefu

Nyawera, Bukavu
Jumapili, baada ya misa

Kwako Papa yangu mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na maman pia, pamoja na lile goti lake lisilopenda baridi ya asubuhi. Mpunga unaendeleaje? Ndege wamewahurumia mwaka huu, au bado mnashinda mkiwapigia mabati? Mimi sijambo, namshukuru Mungu. Huku mvua inanyesha, na tope linatuvua viatu kama kawaida yake.

Nampa tonton Willy barua hii akuletee na gari lake, maana simu nimeiogopa. Sababu utaiona mbele. Usianze kuruka mistari, nakujua.

Unakumbuka ulivyoniambia kwamba kazi isiyo na biro, ofisi yenye mlango na kiti chako, ni mchezo, na kama mpunga utavunwa kabla sijapata biro, nirudi Luberizi nishike duka la mama mkubwa. Sikubishana nawe. Kutafsiri karatasi za Kifaransa nikiwa nimekaa kitandani, ordinatere, ile kompyuta yangu, mapajani, na wabeba mizigo wa soko wakigombana chini ya dirisha, hata mimi nilikuwa nimeanza kuona haya. Kuna siku zilipita sijasema neno na mtu.

Basi wiki mbili zilizopita rafiki yangu Mireille, yule anayechora ramani za nyumba, akanivuta hadi Nguba. Kuna nyumba huko ambamo watu wa kazi mbalimbali hufanya kazi pamoja, kila mmoja na yake, lakini meza moja, intaneti moja, na umeme wa jua usiokatika. Siku hiyo walikuwa wamefungua milango wageni waone, kisha watu wazungumze namna ya kuishi humo kama jamaa.

Papa, nilipoingia nilisahau kufunga mdomo! Chumba kirefu, madirisha yote yanatazama ziwa, na kote mezani watu wameinama kimya kama kanisani kabla ya komunyo. Huyu anatengeneza matangazo ya redio, yule anabuni vitenge, mwingine anawafundisha watu hesabu kwa video. Nilidhani Bukavu nzima ni mimi tu ninayefanya kazi isiyo na jina, kumbe tuko ukoo mzima. Machozi yalinilenga, nakwambia kweli.

Sasa sikia nilichofanya. Wewe ndiye uliyenilea kwamba mtu hagusi mundu shambani kabla hajampa mkono kila aliyefika. Nikaanzia mwanzo wa meza, mmoja mmoja, mkono, jina, habari za nyumbani. Waliokuwa wakisikiliza mambo yao masikioni wakachomoa nyaya. Yule wa hesabu alikuwa katikati ya somo. Nikamsalimia yeye, nikawasalimia na wanafunzi wake kwenye kioo. Mireille akanivuta sketi, akaninong'oneza kwamba humu watu hawasumbuliwi. Lakini nilikuwa nimefika nusu ya meza, Papa. Waliobaki ningewarukaje?

Nilipompa mkono Parfait, yule wa redio, alinitazama kidogo, kisha akamgeukia dada aliyekaa ubavuni pake akamuuliza anaitwa nani. Dada akajibu anaitwa Carmel. Parfait akashika kichwa, akasema kwa sauti, “Tunakalaka hapa siku yote, bega kwa bega, na jina yake sikuwa najua!” Carmel akacheka mpaka akafuta macho. Basi watu wakaanza kuinuka, mikono ikapishana juu ya meza, kelele ikawa kama sokoni. Nilisimama pale nikishangaa, kwa sababu mimi nilikuwa nimesalimia tu.

Mwenye nyumba, Maman Noëlla, alisema alikuwa ameandaa hotuba ndefu kuhusu ujirani na sasa haina kazi. Akaniuliza nani alinifundisha vile. Nikataja jina lako na kijiji chetu mbele ya watu wote, nao wakakupigia makofi. Sasa kila asubuhi hakuna anayefungua mashine kabla ya kusalimia. Wanaiita salamu ya Luberizi.

Hapa ndipo lilipo neno lililonifanya niogope simu. Maman Noëlla ameniomba niwe mpokeaji wa wageni, nami nitapata nafasi mezani ya kufanyia tafsiri zangu. Si biro, Papa. Haina mlango wangu wala kiti changu. Lakini nimekubali, na sirudi. Maman wa huko nyumbani alinidokeza kwamba umeshapaka rangi chumba changu ukiningoja, na tangu hapo nimekosa usingizi. Nisamehe.

Usinijibu kwa hasira ya siku ya kwanza. Mkishavuna, panda gari la tonton Willy uje. Utaanzia mwanzo wa meza kama ulivyozoea, na utakuta wote wameshanyoosha mikono.

Mpe maman pole ya goti, na mdogo wangu Aimée mwambie kitenge alichoniomba nimekipata, nitakituma. Nawakumbatia wote hapo nyumbani.

Ni mimi binti yako,
Faida