Minyaa Ilitembea Hatua Tatu

Marambo, Nachingwea

Somoe, jirani yangu,

Barua zako zote nilikusomea mimi. Za kaka yako wa Mandawa, za mwanao alipokuwa Dar es Salaam, hata ile karatasi ya kliniki uliyoifunga kwenye pindo la khanga miezi mingi ukiogopa kilichoandikwa. Hii ndiyo ya kwanza inayokuja kwako bila mimi kukaa kwenye mkeka wako na kuisoma kwa sauti. Nisingeweza kuisoma huku unaniangalia.

Kwanza habari za nyumbani. Uliondoka korosho zikiwa zinaanguka. Sasa mvua imeshika na mahindi yamefika magotini. Mimi miguu imekataa. Natoka kitandani hadi barazani kwa fimbo, na daktari wa zahanati akimaliza kunipima anazungumza na ukuta, kwa hiyo najua nimebakiza kidogo. Mwanao Mwanaidi amerudi kukaa nyumbani kwako. Amekuja na cherehani na simu ambayo, anasema, ndani yake mna watu wanaofundisha bustani.

Jembe hajui kulishika, Somoe. Analishika kama mwiko. Wiki ya kwanza tu alikuja barazani kwangu.

"Shikamoo, Mama Mwalimu. Nataka bustani ya mbele. Njia iwe na chupa pembeni, asumini mlangoni, mboga kule nyuma. Lazima itoke kali. Nianzie wapi?"

Nikamwambia aanze na kidogo, tuta moja la mchicha lenye ukubwa wa kitanda. Aangalie kwanza jua linapita wapi na maji ya mvua yanakimbilia wapi, ndipo achimbe. Atandaze majani makavu juu ya udongo usikauke. Asihamishe mche jua likiwa utosini. Alisikiliza vizuri, akaandika kwenye simu yake. Kisha akauliza, "Na minyaa hii ya mpakani, ilipandwa lini?"

Nikasema zamani, nikajifanya natafuta fimbo.

Kuanzia siku hiyo nilimchunga mwanao kama mwizi anavyomchunga askari. Akavuta kamba kutoka pembe ya nyumba yako hadi kwenye minyaa. Eti anapima njia. Njia gani inaishia kwenye ua? Siku nyingine akachuchumaa muda mrefu chini ya minyaa, akasema anatafuta kivuli cha miche. Akaniletea wali na mbaazi za nazi kwenye sahani yako ile ya maua, na mimi, Mungu anisamehe, nikampa paka kwanza. Paka akala, akajinyoosha, akalala. Nikala kilichobaki, kimeshapoa, nikiona aibu. Na shaka ikabaki pale pale.

Sababu ya shaka hiyo naiandika hapa, ingawa huenda unaijua. Hilo ndilo lililonitesa miaka yote. Sikujua kama unaijua.

Unakumbuka siku tulipogawiwa viwanja. Balozi wetu wa nyumba kumi alichimba vishimo vitano kwenye mstari, akatia mkaa kila kimoja, akafukia. Alisema mti hufa na jiwe huhamishwa, lakini mkaa hauozi na mchwa hawaugusi. Ukitokea ugomvi, chimbeni. Juu ya mkaa tukapanda vipande vya minyaa ulivyoleta kutoka kwenu Mandawa, na wewe ukanifundisha kuviweka kivulini siku tatu utomvu ukauke, la sivyo vinaoza. Mimi mwalimu wa kilimo sikulijua hilo. Nilicheka, lakini nilichukia.

Nilichukia mengi, Somoe. Kwangu kulikuwa na changarawe, kwako udongo mweusi. Nilifuata kitabu, mchicha ukatoka mwekundu na mwembamba. Wewe ulitupa mbegu kama unalisha kuku, ikaota. Maji ya bafuni kwako yalinywesha migomba minene kama nguzo. Watu wakipita walisema, "Huyu Somoe hakusoma, lakini mkono wake!" Kisha wananigeukia mimi, "Shikamoo, Mwalimu." Ile shikamoo niliisikia kama kejeli.

Minyaa ni mti rahisi. Ukikata kipande ukakichomeka, kinashika. Msimu wa kwanza nilipanda mstari wa pili upande wako, nikakwambia ua umekonda, tuunenepeshe. Ukasema sawa. Mstari huo ulipostawi, nikang'oa ule wa upande wangu. Hatua moja. Nani anahesabu hatua kwenye ua wenye majani?

Msimu wa pili, kwenye hatua ya pili, nilikuwa nakata matawi adhuhuri, utomvu ukaniruka jicho la kushoto. Nilipiga yowe mpaka kuku wakatawanyika. Ulikuja mbio na Mwanaidi mchanga akinyonya, ukanilaza kichwa pajani, ukanikamulia maziwa yako jichoni. Tone kwa tone, hadi jua likaelekea magharibi. Mtoto alikuwa analia njaa, ukamwambia, "Subiri, mwenzako anaumwa." Na mimi ukaniuliza jambo moja tu.

"Ua huu umekukosea nini, Mwalimu?"

Nikasema ni mbuzi, wanapenya. Ukaendelea kukamua.

Mwaka uliofuata nikahamisha hatua ya tatu. Ndiyo. Baada ya maziwa yale, kwa jicho lile lile nikapima na nikakata. Ulikuwa Mandawa ukimuuguza mama yako, bafu lako la makuti likaanguka kwa mvua, migomba ikabaki haina mwenyewe. Uliporudi ulikuta minyaa imeipita na migomba iko uani kwangu. Nilikuwa na uongo tayari. Nikakwambia migomba nayo hutembea, shina la mama hufa na mtoto huchipua pembeni, imekuja kwangu yenyewe. Uliitazama, ukanitazama.

"Basi imependa huko," ukasema. "Ikae."

Ukajenga bafu upande mwingine. Kila nilipokata mkungu nilikuletea chane moja, nikijiona mtu mwema. Ukaonja, ukasema, "Ndizi zako mdomo wangu unazijua, Mwalimu." Miaka yote hii naligeuza neno lile. Ulikuwa unashukuru, au ulikuwa unanihukumu? Kila ukinicheka nilishuku. Ukininyamazia nilishuku zaidi. Siku ya mazishi yako nililia kuliko ndugu zako, na katikati ya kilio, nafsi ikaniambia kwamba sasa hakuna tena anayejua.

Lakini udongo ulikuwa unajua.

Mwanangu Fidelisi amepiga simu kutoka Mtwara. Anataka kunijengea ukuta kabla sijafa, na matofali yameshashushwa. Fundi atakuja mvua ikikatika, ukuta upite palepale kwenye minyaa. Anaona ananiheshimu. Mimi nilikaa nikiyatazama matofali yale. Ua wa miti unaweza kurudi ulikotoka. Tofali halirudi. Nikifa na ukuta umesimama, wizi wangu utakuwa urithi, na mwanangu ataulinda bila kujua.

Bado nilinyamaza.

Ndipo Mwanaidi akaja na jembe. "Mama Mwalimu, wewe umenifundisha, na kwako hakuna hata tuta moja. Nikulimie la mchicha, uwe unachuma ukiwa kwenye kiti." Nikakataa. Akasema nisimwonee haya. Nikakataa tena, na kadiri nilivyokataa ndivyo alivyocheka. Akachagua pale karibu na migomba. Kwa nini pale, Somoe? Uwanja wote ule! Nilikaza fimbo mkononi nikihesabu mapigo ya jembe.

"Kuna mkaa huku," akasema. Akasogea, akachimba. "Na hapa. Na hapa! Umepangwa kabisa!" Akainua kipande, akakipuliza. Nilisubiri ageuke na uso wa mama yake. Akageuka akitabasamu. "Kwenye simu wanasema mkaa unafaa kwa udongo, unashika maji. Kumbe wewe ulikuwa unajua zamani zote!"

Angalia jinsi shetani anavyokuletea kiti ukichoka. Nikasema, "Ndiyo, mwanangu. Ni njia ya zamani."

Akaenda kwako, akachimba vishimo mbele ya nyumba, akatia mkaa, mstari mmoja umenyooka kutoka mlangoni hadi barabarani. Akaja kunionyesha kwa furaha. "Nimefuata wa kwako!" Juu yake akataka kupanda asumini. Uongo wangu ulikuwa umepata mche.

Haukumaliza wiki. Yule babu wa Kiyao mwenye mbuzi alipita, akasimama. Nilimsikia kutoka barazani.

"We binti, umegawa kiwanja cha mama yako? Umegawana na nani?"

"Sijagawa, babu. Ni mbolea hii."

"Mbolea gani imepigwa mstari! Mkaa ni mpaka, mtoto wewe. Waulize wakubwa wako."

Mwanaidi akaja. Mikono ina udongo, hakukaa. "Mama Mwalimu, babu anasema mkaa ni mpaka. Kweli?"

Nilidhani babu ametumwa. Nilidhani wamepanga tangu ile siku ya kamba. Kisha nikamtazama na nikaona mtu aliyeambiwa kuwa tuta lake ni kosa, basi, anayetaka kujua alikosea wapi. Nikamwambia yote. Hatua tatu, migomba, jicho. Nilikuwa naisemesha fimbo, si yeye.

Akapangusa udongo viganjani. Kisha akauliza, "Mama alijua?"

"Sijui."

"Hukumuuliza?"

"Sikuthubutu."

"Mwalimu mzima," akasema, akaondoka.

Siku mbili hakuna salamu wala sahani. Nikashuku amekwenda kwa mwenyekiti wa kijiji, nikashuku anampigia Fidelisi, nikashuku kila aliyepita barabarani anatema mate kwa ajili yangu. Siku ya tatu nikasikia panga. Alikuwa anaikata minyaa, anavipanga vipande kivulini.

"Siku tatu, siyo?" akauliza, bila shikamoo.

"Siku tatu."

"Siwezi kukusamehe, Mama Mwalimu. Aliyeibiwa ni mama, siyo mimi. Ua ninaweza kuurudisha."

Nikampigia Fidelisi mimi mwenyewe. Akasema, "Mama, hao watu wanakuchezea akili." Nikamwambia, "Niliyewachezea ni mimi." Alikata simu, kisha akapiga tena, akauliza kama nimekula. Nimeandika karatasi kwa mkono wangu, mwenyekiti ameigonga muhuri. Ukuta ukijengwa, utajengwa juu ya mkaa. Mkaa ule mwingine wa mbele ya nyumba Mwanaidi ameufukua na kuuchanganya kwenye tuta, maana kumbe kweli unafaa.

Jumamosi tukapanda. Mimi sikuweza kitu. Nilibebwa nikiwa kitini, nikashikishwa ncha ya kamba kwenye kishimo cha kwanza, nikaambiwa nisisogee. Mwanaidi alijifunga khanga usoni. Alipofika karibu yangu na panga kukata ncha iliyobaki, alisimama.

"Funga macho," akasema. "Safari hii hakuna maziwa."

Nikafumba. Nikamsikia akicheka kidogo. "Mama alikuwa ananiambia mimi na wewe tumenyonya ziwa moja. Nilijua ni utani wake."

Nilifumbua haraka nimtazame, nione kama uliwahi kumwambia na mengine. Khanga ilikuwa imemfunika uso. Nimebaki na hiyo shaka moja, na nitakufa nayo. Nimestahili.

Jana amekata mkungu kwenye migomba, migomba yake sasa, akaniletea chane moja. Nikamenya. Wakati napokea sikuambiwa zimetoka shina gani, na kwako kuna mashina mengine siku hizi. Lakini nilipotia mdomoni nilijua mara moja.

Mdomo unajua, Somoe. Kwa hiyo ulijua. Tangu chane la kwanza ulijua, ukala, ukanirudishia sahani ikiwa safi, na jioni ukaniletea barua nikusomee, kwa sababu ni mimi uliyeniamini na maneno yako.

Nilitaka kumwambia Mwanaidi maneno yako yale ya ndizi na mdomo. Nikasema asante tu, na kwa mara ya kwanza nikajua uzito wake kwa mtu anayepokea.

Jicho la kulia limeshaingia ukungu. Barua hii nimeiandika kwa lile la kushoto.

Pumzika, jirani yangu. Nakuahidi hivi: sitavuka mkaa tena nikiwa hai. Na nikija huko, sitapitia uani kama nilivyozoea. Nitazunguka mbele, nitapiga hodi, nitasubiri. Usipoitikia, nitakaa hapo nje.

Jirani yako wa ng'ambo ya mkaa,
Notburga