Kona Fupi Nyuma ya Ukuta wa Muthangari

Jamhuri, Nairobi
Jumatatu

Mama Zawadi, mke wangu,

Nakusalimu wewe, watoto, na mama mkwe. Magoti yake yanaendeleaje na baridi ya huko Wundanyi? Mimi mwili ni mzima. Zaidi ya hapo sina la kujivunia.

Kabla ya yote nijibu hili: Rehema amefika? Mdogo wako aliondoka mbele ya macho yangu Ijumaa alasiri, na tangu hapo simu yake imezimwa. Yako inaita bila kupokelewa, ndiyo maana nampa dereva wa basi barua hii akuletee mkononi. Huenda umesikia nusu ya habari. Nakuandikia yote, jinsi yalivyofuatana.

Unakumbuka nyumba ya Muthangari nilikomtafutia kazi, ya yule mfanyabiashara wa vitambaa. Mwaka jana ilipokuwa ikijengwa, mimi ndiye niliyefunga ndani yake mashine ya kufyonza vumbi. Si ile ya kuburuta. Mota na pipa lake viko gereji, mabomba yanapita ndani ya kuta, na kila chumba kina mdomo ukutani. Unachomeka mpira, vumbi linakwenda lenyewe hadi gereji. Waliitaka kwa ajili ya mama mzazi wa mwenye nyumba, bibi kizee wanayemwita Ba, ambaye ana pumu.

Mabomba hayo hutaka kona ndefu, zinazopinda taratibu, ili kitu kisikwame. Nilipofika ukuta wa korido, kona ndefu zilikuwa zimeniishia, na fundi wa plasta amesimama nyuma yangu na karai lake. Nikaweka kona fupi ya bomba la maji, nikaipaka gundi, akapiga plasta. Nilijua nilichofanya. Nilijiambia nitarudi kuibadilisha, na sikurudi.

Jumapili ya wiki iliyopita kijana wa nyumba hiyo alileta bibi harusi. Kwao Wahindi, bibi harusi anapoingia mara ya kwanza huangusha kwa mguu chungu cha mchele kizingitini, kisha hukanyaga sinia la maji mekundu na kuingia akiacha nyayo sakafuni. Wageni walikuwa wengi, wakasukumana. Mchele ukalowa wekundu ule, ukatapakaa hadi koridoni.

Rehema alienda kuchukua ufagio, akakumbuka nilivyomwambia siku yake ya kwanza: "Shemeji, ufagio wa nini tena? Mpira huu unameza kila kitu." Sikumwambia kwamba haupaswi kumezeshwa kitu kilicholowa. Akauchomeka, akafyonza mchele wote.

Jumanne asubuhi bibi harusi akasema kipini chake cha pua kimepotea, cha dhahabu, alichovishwa na Ba mwenyewe. Nikaitwa nifungue pipa. Nilimwaga kila kitu juu ya gazeti mbele ya mama mwenye nyumba, mke wa yule mfanyabiashara. Vumbi, nywele, kifungo kimoja cha shati. Kipini hakikuwamo.

"Unaona, fundi?" akasema.

"Naona, mama."

Niliona kuliko alivyoona yeye. Kwenye gazeti lile hapakuwa na hata punje moja ya mchele. Mchele wa chungu kizima umeingia ukutani na haujafika gereji. Nikapita koridoni, nikaweka kiganja kwenye mdomo: mota inanguruma, mdomo hauvuti. Hapo nikajua mchele uko wapi, na kipini kiko wapi. Lakini nikisema, ukuta utavunjwa, na msimamizi wangu ataiona kona ile. Alishatuonya kwamba atakayefanya hivyo hatafanya kazi naye tena. Nikarudisha pipa, nikalifunga.

Kabla ya saa sita walimpeleka Rehema kituo cha polisi, wakidai ameiba kipini.

Jumatano nilimpelekea mandazi na chai ndani ya ile chupa yetu ya bluu. Akaniambia, "Shemeji, wewe ndiye unaijua ile mashine. Si uwaambie watafute vizuri?" Nikamwambia avumilie. Alhamisi sikwenda kabisa.

Ijumaa asubuhi nikaenda Muthangari, nikasema. Mama mwenye nyumba hakuniamini. "Huyu si ni shemeji yako? Utakiweka wewe, halafu utakitoa wewe."

Ba ndiye aliyeagiza kiti. "Lete hapa. Mimi nakaa, naangalia mkono yake. Fundi, kunja shati. Haya, vunja."

Nikakunja shati hadi mabegani, nikavunja. Kona ilikuwa imeshindiliwa mchele mwekundu uliovimba na kukauka kama saruji. Niliupasua kwa patasi juu ya sinia. Kipini kilikuwa katikati, punje zimekigandia pande zote. Ba akaligeuzageuza lile bonge, akikohoa kwa vumbi nililolitimua.

"Hii hapana mtu naweza weka," akamwambia mkwewe, mama mwenye nyumba. "Hii nalala hapa tangu Jumapili. Pigia polisi." Kisha akanigeukia. "Na wewe? Mashine yako, siku tatu hujui?"

Nikainama kuokota vipande vya plasta.

Rehema alitoka saa tisa. Nilikuwa langoni mwa kituo, nikamweleza kilichopatikana na mahali kilipopatikana. Alisikiliza hadi mwisho.

"Ulijua lini?"

"Jumanne."

"Jumanne saa ngapi?"

"Asubuhi. Kabla hawajakuchukua."

Akanirudishia chupa ya chai, akavuka barabara. Sikumfuata. Hilo nalo ni kosa langu.

Jumamosi nilikwenda Kenyatta Market kwa rafiki yake anayesuka nywele. Hakuacha kusuka. "Hayuko, na hata angekuwa hapa singekuambia. Enda tu, buda." Mteja wake akacheka. Jana nimeuliza kituoni, hospitali mbili, na kanisani kwake. Hakuna aliyemwona. Kazi yangu imekwisha, hilo liache.

Kama amefika, nitumie neno moja tu, hata kwa simu ya jirani. Kama hajafika, kaka yako mkubwa apande basi leo hii, maana sijui tena pa kutafuta.

Msalimie mama mkwe, na umwambie mambo yalivyo, usimpunguzie. Msalimie kaka yako, na fundi cherehani jirani yetu. Zawadi mwambie baba yake anamkumbuka.

Na ikiwa Rehema yuko hapo jikoni, usisome kimyakimya. Rudi mwanzo, soma kwa sauti. Usimwombe anisamehe kwa ajili yako. Ukifika pale nilipoandika "Jumanne asubuhi", mwonyeshe karatasi, aone kwamba ni mkono wangu.

Mumeo,
Baba Zawadi