Batu Babili ba Kutia Saini

Siku ya pili ya juma, tarehe 5 mwezi wa sita 2001. Butembo

Nimerudi toka Beni. Route mbaya, matope mpaka ku milango ya camion, ile lori. Niliuza vizuri. Nilifungua kitambaa ku kiuno, nikatosha bastola, nikairudisha mu ndoo ya maharagi. Iko alama nyekundu ku mbavu, kila safari ni vile. Nilikula viazi baridi. Hapana mutu wa kuniuliza kama nilifika salama.

Siku ya tano, 8/6

Radio imetangaza. Kila mutu mwenye kutembea na bastola ya kuficha anapashwa kuwa na permis, karatasi ya ruhusa. Unaenda ku bureau ya serikali, banaandika numero yake na jina yako. Kuanzia mwezi wa saba, ule mwenye banamukamata bila karatasi anaingia cachot, anafungwa.

Ku soko bengine banasema ni vizuri, bastola zimekuwa nyingi sana mu makoti ya batu. Bengine banasema ni mutego: ukijionyesha, basoda ba jeshi banakuja kukunyanganya. Mimi nilikunja vikwembe vyangu vya kuuza. Nafikiri bote bako na haki.

Bwana yangu alinunua ile yangu kwa soda mumoja, askari mwenye alikuwa anakimbia vita. Siku bamemuua mu route ya Beni alikuwa ameiacha nyumbani. Mimi ndiye nilimuomba aiache. Ni miaka mbili sasa. Tangu siku ile sipandi camion bila ile kitu.

Siku ya kwanza, 11/6

Nilienda ku bureau. Bastola niliiacha, nilitaka kuuliza kwanza. Karani ni mwanaume wa miwani, wa heshima. Aliuliza mwanamuke anataka silaha ya nini. Nikasema route. Akaandika "commerce," biashara.

Kisha akanipatia formulaire, karatasi ya kujaza. Foto. Numero ya silaha. Na saini ya batu babili benye kunijua tangu miaka tano, benye hawaishi mu nyumba yangu. Bashuhudie kama niko na akili timamu, silewi, sigombani na batu. Nikifanya mubaya, nabo banaulizwa.

Nilisimama ku barabara na ile karatasi mu mukono. Batu babili. Nilibatafuta mu kichwa mpaka nyumbani. Binti yangu Denise iko Lubero, anasoma kwa masista, na ni mutoto. Ku kanisa banajua jina yangu na kiti yangu, basi. Nimeishi hapa mu mutaa wa Kimemi miaka kumi na tano.

Siku ya tatu, 13/6

Nilienda kwa Kahindo, dada ya bwana yangu. Alisoma polepole. Alilia kidogo juu ya ndugu yake. Akatia saini. Kisha akaniomba nisiingie tena kwake na ile kitu, sababu ya batoto. Nikasema sawa.

Sikumuambia kama siku ya Pasaka nilikula kwake nikiwa nayo chini ya kikwembe, na kale kamutoto kake ka mwisho kalilala ku magoti yangu. Niko na haya.

Siku ya ine, 14/6

Nilijaribu Papa Paluku, fundi wa kushona, jirani yangu. Anatumika ku baraza yake. Kila asubuhi ananipatia chai, tunaongea juu ya vitambaa. Hapana mutu mwingine anaongea na mimi kila siku.

Niliposema neno bastola, alisimamisha masini. Akauliza:

"Mama Denise, hizi asubuhi zote ukikunywa chai hapa, ulikuwa nayo?"

Nikasema ndiyo, siku za safari. Hakukasirika. Alinirudishia karatasi, akaanza tena kushona.

Kasereka, mutoto wake, aliuawa mu nganda, pale banakunywa pombe, mu ugomvi ya kiti. Ule mwenye aliua alikuwa ameficha bastola mu koti. Nilijua hiyo yote. Nilienda kumuomba hata hivyo. Niko mutu mubaya.

Siku ya sita, posho, 16/6

Papa Paluku alinisalimia. Hakuniita ku chai. Nilipita na chupa ya maji mukononi sawa mutu mwenye haraka. Sikuwa na haraka.

Siku ya pili, 19/6. Beni

Naandika mbio.

Asubuhi tulitoka Butembo, camion yenye Muhindo anaendesha, batu kama makumi mbili juu ya mizigo. Mu kona yenye miti mingi, batu batatu balisimama mu route. Mumoja na bunduki, babili na mapanga. Balisema tushuke bote. Balichukua saa, viatu, redio. Mama mumoja mwenye kuuza chumvi balimuvuta heleni mpaka damu ikatoka ku sikio.

Kisha balimupigisha Muhindo magoti, uso kwa majani. Ule wa bunduki akaenda nyuma yake.

Bwana yangu pia balimupigisha magoti. Ndivyo balinihadisia.

Nikatosha bastola. Sikufikiri. Nilipiga juu mara mbili. Balikimbia mu pori, hata hawakugeuka. Viatu vyetu balitupa njiani.

Nilifikiri batu batapiga kelele, ao batalia. Hapana. Baliniangalia tu. Tulipanda tena. Ku barrière, kizuizi ya barabara, basoda baliuliza kama tumesikia bunduki. Kila mutu akasema hapana. Bote, mumoja mumoja. Sikuwa na permis, bangeweza kunitaja. Habakunitaja.

Ku Beni nilipotelemuka, Muhindo alinishika mukono na mikono yake mbili.

"Mama, asante kwa roho yangu. Lakini safari ingine, utafute camion ingine."

Akasema batu banaogopa. Nikabeba mizigo yangu. Ule mama wa chumvi anauzisha karibu na mimi hapa soko. Alifunga sikio na kitambaa. Ananiangalia vile tunaangalia basoda.

Siku ya tano, 22/6. Butembo

Nilirudi mu camion ya kahawa, hapana mutu mwenye alinijua mule. Nililala vizuri juu ya mifuko, batu huku na huku.

Saa sita ya mchana balibisha. Papa Paluku. Habari ya zile risasi mbili ilimufikia tayari, sijui kwa nani. Nilifikiri amekuja kuniambia atanishitaki.  Aliomba formulaire.

"Ile bastola yenye iliua Kasereka haikuandikwa fasi yoyote," akasema. "Nilizunguka mabureau yote. Hapana mutu alijua ni ya nani. Yako iandikwe."

Akatia saini, polepole, na numero ya kadi yake. Nilitaka kumushukuru, akasema hapana, hafanyi vile juu yangu. Akasema nisikuje nayo ku baraza yake tena. Nikamuuliza kama naweza kuja bila yayo. Akasema atafikiri.

Akaenda. 

Siku ya kwanza, 25/6

Bureau. Ule wa miwani alisoma majina ile mbili, akaandika numero mu kitabu kikubwa, akapiga cachet, muhuri ya serikali. Nimepata. Jina yangu, foto yangu, alama ya kidole. Ku nyuma bameandika sharia: mwenye permis anaonyesha karatasi kwa chauffeur mbele ya kupanda. Hiyo sikuijua. Niliuliza kama ni lazima. Akasema ni lazima. Ni haki pia. Mimi mwenyewe ningependa kujua mutu wa kando yangu amebeba nini.

Siku ya ine, 28/6. Beni

Chauffeur mupya, mwanaume munene wa Lubero. Nilimuonyesha karatasi. Aliisoma kwa sauti, si kwa ubaya, ni vile anasoma. Batu balisikia. Akanirudishia, akasema, "Uko en règle, Mama, karatasi iko sawa. Panda."

Nikapanda. Asubuhi ilikuwa baridi sana, ukungu mpaka chini. Mu baridi sawa ile batu banabanana juu ya mifuko ya viazi, mabega kwa mabega, blanketi moja kwa batu batatu. Mwanamuke mumoja alikuwa amekaa fasi nilikuja kukaa. Alinisalimia vizuri. Kisha akachukua mutoto wake, akaenda mbele.

Hapana mutu alisema neno mubaya. Njia ilikuwa salama. Hapana mutu alitusimamisha.

Mbele ya kufika nusu ya safari nilivuta balo yangu, ule mufuko mukubwa wa vikwembe, nikaiweka pale kando yangu penye hapana mutu alikaa. Nikaiegemea mpaka Beni.