Mpini Mpya wa Bastola ya Baba Yenu

Shemeji Wendell,

Huku Montana theluji imewahi, ila majani ya ng'ombe yanatosha. Kaka yako Emmett anakula vizuri, tatizo ni vidole, baridi yabisi imevikakamaza.

Farasi wake alizeeka, meno yakaisha, asingeumaliza msimu wa baridi. Jirani alijitolea kumpiga risasi. Emmett akamjibu, "Farasi nimemlea mimi, nitammaliza mimi." Lakini mpini wa mbao wa bastola ya baba yenu ulikuwa unamponyoka mkononi, tukaenda dukani kutafuta mwingine.

"Chukua huu wa mpira, mzee," muuzaji akamwambia. "Laini kama mkono wa mkeo."

"Wewe hujaushika mkono wa mke wangu," Emmett akasema, lakini akaununua. Nilicheka njia nzima.

Jumamosi alimpiga farasi risasi moja tu, tukamfukia.

Nilidhani atarudisha mpini wa zamani. Leo asubuhi nimemkuta jikoni na bastola, anaikamata na kuiachia.

"Sasa inakaa vizuri," akasema bila kunitazama.

Hatuna farasi mwingine wa kumaliza, Wendell; mzee aliyebaki hapa ni yeye. Njoo uichukue. Mwambie unaitaka kwa kuwa ni ya baba yenu. Nikiiomba mimi, atajua ninachoogopa.

Shemeji yako,
Lorna