Sifa za Mwombaji

Jumatatu, 3 Machi. Nyasubi
Nimesoma tena sifa za kujiunga. Mara ya nne tangu Ijumaa, kana kwamba zitalegea nikizitazama sana. Uzamili wa saikolojia ya jinai. Shahada ya kwanza ya saikolojia, sosholojia au ustawi wa jamii, wastani usiopungua 3.0. Ninao 3.1, shukrani kwa mwalimu wa takwimu aliyenihurumia. Wadhamini wawili. Miaka miwili ya kazi na wahalifu au wahanga. Mimi nina sita, afisa ustawi wa jamii hapa Kahama. Cheti cha polisi cha tabia njema. Na ripoti ya mahojiano na mtu mmoja aliyefanya ukatili, kurasa nane, yenye saini ya msimamizi.

Mwisho wa kutuma ni tarehe 28. Mwaka juzi ripoti yangu ilirudi: maoni mengi, ushahidi kidogo. Mwaka jana mdhamini mmoja alichelewa. Mwajiri amenipa ruhusa ya masomo mwaka huu tu. Nikikosa, nitazeeka nikigawa fomu za matunzo ya watoto. Sitaki.

Jumatano, 5 Machi
Gerezani tangu saa tatu. Kwenye ripoti namwita J. Kifungo cha maisha. Alikuwa mchimbaji Geita. Duara lao, shimo la kuchimbia, likatoa mawe matupu miezi saba, akaachana na dhahabu akashika panga. Alikuwa anakodishwa kukata vikongwe wenye macho mekundu, wanaosingiziwa uchawi. Anaowakumbuka ni watatu. Anaeleza polepole, mikono magotini, kama fundi anayeulizwa kazi yake. Kwanza bega, kwa sababu mtu huinua mkono. Kisha shingo.

Nilimuuliza nyumba walizijuaje. Akacheka.

"Dada, mtu wa nje haendi bila wa ndani. Wa ndani anamwondoa mbwa. Anamhamisha bibi alale peke yake. Tukikuta hivyo, tunajua kazi ipo."

Niliandika kila neno. Nilifurahi. Ni aibu lakini daftari hili ni langu: nilitoka pale nimefurahi, nikijua safari hii ripoti haitarudi.

Ijumaa, 7 Machi
Mzee Shija, msimamizi wangu, amepitisha kalamu nyekundu. Amekata neno "mnyama" mara nne. Eti niandike mtu alichofanya, nisimtukane. Nilibishana naye. Yuko sahihi. Bado nimenuna.

Jumamosi, 8 Machi. Samuye
Nyumbani kumsalimia Mama. Sukari kilo mbili, sabuni, dawa ya macho. Macho yake mekundu kama kawaida. Kuni hakuna tena, wanapikia samadi ya ng'ombe, na moshi wake unachoma. Nilimpa kaka Masanja shikamoo, akaitikia akiangalia miguu yake. Amezika mtoto wa pili ndani ya mwaka mmoja, namwelewa.

Mama amejengewa kibanda kipya mwisho wa boma, karibu na mahindi. Masanja anasema watoto walikuwa wanamsumbua. Mbwa hayupo. Kapewa mtu wa Tinde, alikuwa anakula mayai. Mama alinipikia kuku. Nikala nikashiba, nikawahi basi.

Jumatatu, 10 Machi. Hospitali, Shinyanga
Nitaandika kwa mpangilio, la sivyo nitapiga kelele.

Jana mchana nilikuwa nachapa ripoti. Nikafika kwenye maneno ya J. kuhusu mbwa. Vidole vikasimama. Mimi mtaalamu, mwenye 3.1 yangu, nilikaa ndani ya kile kibanda nikala kuku. Mama hana simu. Nilimpigia jirani, Mama Nkwimba, amchukue Mama kwake. Akasema anamaliza kupepeta mpunga, ataenda. Nikapanda basi. Nikafika saa moja kasoro, giza linaingia.

Nilisikia mwano kabla sijafika uani. Ukelele wetu Wasukuma: ukipigwa, kila mwanaume anatoka na silaha, asiyetoka anatozwa ng'ombe. Wanaume wawili walikuwa wanakimbilia majaruba ya mpunga. Mama alikuwa amekaa mlangoni kwake. Mkono wa kushoto, kuanzia kifundoni, ulining'inia kwa ngozi tu. Bega lilikuwa limefunguka mpaka mfupa. Alikuwa ananiambia nisikanyage ugali uliomwagika.

Nilimfunga kwa kanga. Kijiji kizima kilijaa, mapanga na marungu. Masanja peke yake hakutoka. Alikuwa kwenye kigoda mbele ya nyumba yake, hatua thelathini kutoka kwa Mama, mikono mapajani. Mwano unalia, yeye kakaa.

Nilichukua mchi. Pigo la kwanza lilivunja mkono aliouinua. La pili lilivunja taya, nilisikia. La tatu lilimkuta mbavuni akiwa chini. Ningeendelea. Wanaume wanne walinishika.

Leo asubuhi wamemkata Mama mkono chini ya kiwiko. Yuko hai. Hospitali wanataka PF3, fomu ya polisi ya majeruhi, iletwe haraka.

Jumanne, 11 Machi. Samuye
Wazee wa ukoo wamekaa. Masanja, akiulizwa, amekiri kwao kwa kuitikia kwa kichwa: baada ya msiba wa pili alikwenda kwa mganga, akapigiwa ramli, akatajiwa mama yake mzazi. Uamuzi wao: Masanja atoe ng'ombe wawili wa kumtakasa Mama. Mimi nitoe mmoja kwa kumpiga kaka mkubwa. Polisi tuseme ni wezi. Na Masanja tuseme alianguka na baiskeli.

"Kabula, ukienda polisi unajichoma mwenyewe," alisema Baba Mdogo kwa upole. "Na hiyo shule yako je?"

Anajua. Wote wanajua, niliwaringia mwenyewe. Mwenye jalada polisi hapewi cheti cha tabia njema. Nilitaka kukubali. Nilihesabu siku: kumi na saba. Mama angerudi kwenye kile kibanda, na mimi ningekaa darasani nikijifunza watu kama mwanawe.

Masanja amelala ndani, taya limevimba, uji haumezeki. Hana PF3, hatibiwi. Nimeona raha kumwona hivyo. Nimemwonea na huruma. Vyote viwili, wakati mmoja.

Jumatano, 12 Machi
Kituo cha polisi. Nimetoa maelezo yote, kuanzia mbwa mpaka mchi. Nikaomba PF3 mbili. Ya Mama, nikamtaja Masanja na wawili nisiowajua. Ya Masanja, askari akauliza nani kampiga. Nikasema mimi. Akaweka kalamu chini, akaniuliza kama naelewa ninachosema. Nikamwambia naelewa kuliko yeye. Sikupaswa kumjibu hivyo.

Masanja kapelekwa hospitali chini ya ulinzi. Mimi nimekaa ndani mpaka saa kumi. Kosa: kudhuru mwili. Mzee Shija amekuja kuniwekea dhamana.

Jumatano, 19 Machi
Masanja ameandika majina kwenye karatasi kwa kuwa hawezi kusema. Wawili wamekamatwa, na mganga pia. Baba Mdogo hapokei simu zangu. Kijijini wanasema nimeuza ukoo. Nimelia. Kisha nikavunja sahani tatu kwa makusudi, nikafagia.

Jumanne, 25 Machi
Nilikiandikia chuo nikieleza. Jibu ni mistari miwili: bila cheti maombi hayafunguliwi, karibu shauri likiisha. Mwajiri anasema ruhusa ya mwaka huu haihamishwi. Basi.

Ripoti iko mezani. Kurasa nane, saini ipo. Ni nzuri kuliko zote nilizowahi kuandika. Nina hasira na kila mtu, hata na Mama, ambaye hajafanya kitu.

Ijumaa, 28 Machi. Nyasubi
Mama yuko kwangu tangu juzi. Usiku anakuna mkono ambao haupo.

Leo amekuja Rehema, afisa ustawi kutoka wilaya nyingine, kwa sababu ofisi yetu haiwezi kunichunguza. Mahakama inataka ripoti kunihusu kabla ya kuamua. Kakaa kwenye kiti cha plastiki na maswali yale yale ninayouliza wengine. Nalala? Nakunywa? Nilishawahi kupiga mtu kabla? La mwisho: siku ile ikirudi, ningefanya vile tena?

Najua jibu linalotakiwa. Nimeona watu wakipunguziwa adhabu kwa jibu hilo. Mama alikuwa jikoni, anasikia. Nikasema ndiyo, ningempiga. Na ningekwenda tena kumchukulia PF3. Rehema aliandika bila kuinua kichwa.

Mama akaleta chai kwa mkono mmoja, kikombe kimoja kimoja. Akaanza na cha mgeni, kisha changu. Aliporudi na cha tatu hakukaa. Aliuliza Masanja huko rumande anapelekewa chakula na nani. Nikamwambia sijui. Tukanywa chai.