Hisa za Baba na Mkutano wa Mwezi wa Tano

Barabara ya Kanisa,
Duvalle, Wisconsin.
9 Machi, 2013.

Mpendwa mdogo wangu Emery,

Hujambo huko Tucson? Mgongo unaendeleaje? Na wifi yangu Joyce, macho yake yamepona baada ya ule upasuaji? Mimi mzima, namshukuru Mungu, ila goti la kushoto linanisumbua kila baridi inapozidi. Theluji bado inafika kwenye madirisha. Leo asubuhi nimekuta paa la ghala limeanza kuinama, nikakukumbuka, maana wewe ndiye uliyekuwa ukipanda kulikwangua theluji huku mama akikufokea ushuke. Siku hizi nalipa mtu.

Barua yako ya Krismasi niliipata. Fomu iliyokuwa ndani ilikuwa ndefu kuliko barua yenyewe. Unasema umechoka kungoja, unataka hisa za kiwanda alizotuachia baba zigawanywe ili nusu yako uiuze, na bila sahihi yangu haiwezekani. Nimekaa nayo muda mrefu, uniwie radhi. Acha kwanza nikupe habari za huku, halafu tutafika hapo.

Kiwanda kinapumua, Emery. Unakumbuka kilivyokuwa ulipokuja kumzika baba: mashine za kukatia majani zimejaa uani hazina mnunuzi, benki inabisha hodi, na baridi mbili zimepita bila theluji ya maana. Sasa nani atanunua beleshi la theluji wakati theluji hakuna? Ndipo bodi ikamleta Colleen Jadin, binti wa yule fundi bomba. Akaachana na zile mashine, akauza jengo la pili, akasimamisha gawio, akarudia mabeleshi ya mpini wa mti kama waliyotengeneza akina babu. Watu walimsema mpaka kanisani.

Mkutano wa wanahisa wa mwaka jana ulikuwa kama unavyoujua. Tulikusanyika uani, buya, ule mchuzi wetu mzito wa kuku na mboga, linachemka kwenye lile sufuria la chuma tangu alfajiri, kila mwanahisa na kuku wake au kabichi yake. Na utaratibu ni uleule: wenye hisa hukoroga kwa zamu, jina kwa jina; aliyeuza anakaribishwa kula, lakini mwiko wa kukorogea hashiki. Binamu yetu Norbert aliuza zote mwaka ule mbaya. Alisimama pembeni, mikono mfukoni, na akina Renier wakaanza kumtania.

"Norbert, vipi, mkono umevunjika? Njoo basi ukoroge!"

"Korogeni nyie matajiri. Mie mla tu."

Tulicheka wote, yeye pia. Lakini nilimwangalia, hata bakuli lake hakulimaliza.

Zamu ya jina letu ilipofika nilikoroga peke yangu. Mwiko ule ni kazi ya watu wawili, nawe unajua, ulikuwa ukiushika na baba. Colleen akaniuliza mwenzangu yuko wapi. Nikamwambia una kazi nyingi. Sijui kama una kazi nyingi.

Baadaye mzee Englebert akasimama na fimbo yake. "Wewe binti, gawio lini? Mimi umri umekwenda, sitaki lije kuninunulia jeneza."

Colleen akamjibu, "Mzee wangu, nikikulipa leo nitakuwa nakulipa kwa pesa ya benki. Niache niimalize benki kwanza."

Hakutaja mwaka. Hapo ndipo nilipomwamini, kwa sababu anayetaka kukudanganya hukupa tarehe.

Najua utasema dada ni mkaidi. Sivyo. Kungoja si kufumba macho. Ripoti ikija huwa natafuta mambo mawili tu: je, deni linapungua, na je, maduka yaliyonunua mwaka jana yameagiza tena? Yote mawili yanakwenda vizuri, polepole, lakini yanakwenda. Yangegeuka, mimi ndiye ningekupigia simu tuuze. Mvumilivu hula mbivu, sawa, ila kwanza ahakikishe mti una matunda.

Sasa lile jambo lenyewe. Juzi nilikuwa nasoma ripoti mpya mezani, nikajikuta nalia, na habari zilikuwa njema. Nikajiuliza, Verna, una nini wewe? Kampuni hii inaniandikia kila baada ya miezi mitatu, hata ikiwa na habari za aibu. Ndugu yangu wa tumbo moja haniandikii mpaka atake sahihi. Sikusuti, Emery, nakwambia tu kwamba imeniuma. Nilikuwa nashikilia fomu yako nikidhani nalinda mali ya baba, kumbe naogopa ukishauza hutakuwa na kitu cha kukurudisha huku.

Nimekukumbuka mno. Nakumbuka hata kile kikohozi chako cha asubuhi kilichokuwa kikiniudhi. Nyumba ni kubwa, na jioni nikishazima redio sina wa kubishana naye.

Basi nimetia sahihi. Fomu imo humu ndani ya bahasha. Uza nusu yako, mdogo wangu, una mahitaji yako nami sikulaumu. Naona unauza mapema, ndiyo, na yangu siigusi. Lakini sitaki uwe unafungwa kwangu na karatasi.

Nisalimie sana Joyce, na mwanenu Curtis na watoto wake. Shangazi Leona anakusalimu, anauliza kama ni kweli huko watu hawana hata koti. Norbert naye anakusalimu, kasema nisisahau kuandika. Mungu awalinde na jua la huko, awape usingizi mwema na mkate wa kutosha.

Mkutano ni Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa tano. Safari hii hutakuwa na kura, wala hisa, wala shughuli yoyote hapa Duvalle. Njoo hivyohivyo.

Ni mimi dada yako, nikupendaye uandike usiandike,

Verna